Paka Anayekula Visivyoliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Lubumbashi

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Lubumbashi wanaoishi na paka nyumbani, hasa wale ambao wamekwisha kuokota kipande cha soksi au cha sashe (mfuko wa plastiki) ndani ya matapishi wakabaki wanajiuliza kulikoni. Maswali ni yale ninayoulizwa na majirani wa Katuba na Kampemba tangu ijulikane kwamba paka wetu alipasuliwa tumbo kwa sababu ya uzi. Mimi si daktari wa wanyama. Ni mfugaji aliyelazimika kujifunza, na pale ambapo jibu ni la daktari nimesema hivyo waziwazi.

Paka wangu hutafuna blanketi na kumeza vipande. Huo ni utundu au ni ugonjwa?

Paka mchanga wa miezi mitatu anayeng'ata kamba ya kiatu anacheza, na mara nyingi tabia hiyo hupungua meno ya utotoni yakishabadilika, kufikia miezi sita au saba hivi. Yuko mwingine anayenyonya kitambaa bila kukimeza: hufumba macho, hukandakanda kwa miguu ya mbele kama aliyelalia ziwa la mama yake, na akimaliza huacha sehemu iliyolowa tu. Wa tatu, ambaye ndiye anayetuhusu hapa, hurudi kwenye kitu kilekile kila siku, hukiguguna kwa meno ya pembeni mpaka kikatike, kisha hukimeza. Madaktari huiita tabia hiyo pica, neno la Kilatini ambalo ni jina la ndege mmoja wa jamii ya kunguru anayesifika kwa kuokota na kula kila kitu. Neno hilo halina undugu wowote na kupika. Kubishana kama ni utundu au ugonjwa hakumsaidii paka. Angalia kama kitu kinamezwa, kwa sababu kinachomezwa ndicho kinachoua.

Ni nini kinachomsukuma kula vitu kama hivyo?

Anza na mwili wake kabla hujamlaumu kwa tabia. Paka aliyepungukiwa damu hutafuta kulamba na kula vitu vya ajabu, na hapa kwetu washukiwa wa kwanza wa upungufu wa damu ni viroboto na minyoo ya utumbo, ingawa kuna pia virusi vya paka vinavyoharibu damu au kinga ya mwili. Mfunue mdomo mchana, penye mwanga, utazame ufizi: ukiwa mwekundu wa waridi ni vizuri, ukiwa mweupe kama karatasi usingoje kesho. Magonjwa ya tumbo nayo yana sehemu yake. Utafiti uliofanywa Québec, nchini Kanada, na kuchapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha paka wenye tabia hii na paka wasio nayo, ukaonyesha kwamba wenye tabia hii hutapika mara nyingi zaidi, na kwamba ni wachache miongoni mwao walioachiwa chakula muda wote. Nilikuwa nikidhani kutapika ni matokeo tu ya kula matambara. Sasa ninaona kwamba paka mwenye kichefuchefu cha muda mrefu anaweza kuwa anatafuna kwa sababu ya hicho kichefuchefu. Kwa paka mzee aliyeanza ghafla baada ya miaka mingi ya utulivu, daktari atafikiria pia meno mabovu, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

Mwili ukishapimwa na kuonekana mzima, ndipo tunageukia maisha yake. Paka aliyefungiwa chumbani peke yake tangu asubuhi hadi jioni, asiye na dirisha wala kitu cha kuwinda, hujitafutia kazi, na kazi iliyo karibu ni mdomo. Hofu hufanya hivyohivyo: mtoto mpya nyumbani, mbwa wa jirani, kuhama nyumba. Tena tuna desturi ya kumgawa mtoto wa paka akiwa na mwezi mmoja tu, pindi anapoanza kulamba bukari (ugali). Ni mapema mno. Mwache na mama yake walau wiki nane, na kumi na mbili ni bora zaidi.

Nimeona uzi umetokeza mdomoni, au nyuma. Je, niuvute?

Usiuvute kamwe, hata kama unaona unakuja kwa urahisi.

Dada yangu mkubwa, Yaya, hushona vitenge sebuleni kwetu. Jioni moja ya kiangazi paka wetu wa kijivu alikuwa amejikunyata karibu na mbabula (jiko la makaa), mate yanamchuruzika, anameza mate mara kwa mara kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Tulimfunua mdomo kwa taa ya simu. Uzi wa kijani ulikuwa umezunguka shina la ulimi na kuzama ndani ya nyama, kama pete ya zamani kwenye kidole kilichonenepa, na ncha yake nyingine ilikuwa imeshuka kooni. Mzee mmoja aliyekuwapo, mtu mwema aliyefuga mbuzi maisha yake yote, alishauri tupake mafuta na kuvuta polepole. Yaya ndiye aliyenishika mkono. Alisema: "Ukivuta uzi wa marinda, kitambaa kinafanya nini?"

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Uzi ulionaswa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni huwa umeshikwa upande mmoja, ilhali utumbo unaendelea kuusukuma upande wa pili. Hapo utumbo hujikusanya juu ya uzi, kunjo kwa kunjo, kama kiuno cha sketi fundi anapovuta uzi wa marinda. Kadiri unavyokazwa ndivyo uzi unavyoukata ukuta wa utumbo kwa ndani, kinyesi humwagika katika uwazi wa tumbo, na paka hufa kwa maambukizi. Mkono wako ukivuta hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Vivyo hivyo kwa uzi unaotokeza nyuma: mzuie paka asiulambe, umpeleke kwa daktari. Ikiwa uzi ulikuwa na sindano, mwambie daktari hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Paka wetu alipasuliwa kesho yake asubuhi. Daktari alitoa uzi wenye urefu wa kama dhiraa moja, pamoja na nywele za meshi (nywele bandia za kusukia) ambazo hakuna aliyejua alizila lini.

Nitajuaje kwamba kitu kimemziba?

Hutapika mara kwa mara, hata maji, hukataa chakula, hujificha, hukaa kwa kukunja mgongo, na ukimgusa tumbo hukaza au hulia. Choo hupungua au hukoma. Dalili zinaweza kuja baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa, na wakati mwingine hutulia nusu siku kisha hurudi, jambo linalowadanganya wengi. Paka aliyekataa chakula kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, huingia katika hatari ya pili: mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini likijaa mafuta hushindwa kufanya kazi. Kwa hiyo "tumwachie mpaka Jumatatu" si shauri jema.

Je, nimpe mafuta ya mawese, maziwa au maji ya chumvi ili atapike?

Hapana kwa yote matatu. Najua mawese na maziwa ndiyo dawa ya sumu katika nyumba nyingi, na anayekupa shauri hilo anakupenda. Lakini mafuta yanayomiminwa kwa nguvu mdomoni mwa paka huingia kwa urahisi kwenye mapafu na kusababisha nimonia, maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa, na chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Kutapisha kitu chenye ncha au uzi hujeruhi koo mara ya pili. Kama unahitaji kufanya jambo wakati unangoja usafiri, ondoa chakula, mweke ndani ya kikapu chenye kifuniko, na ukusanye mabaki ya kile alichokula.

Anatafuna chandarua. Kuna dawa mle. Je, ni hatari?

Vyandarua vya kujikinga na malaria hutiwa dawa za jamii moja, zikiwemo permetrini na deltametrini. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja permetrini, ndiyo sababu dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini nyingi, ikipakwa paka, inaweza kumuua. Kiasi kilicho kwenye chandarua ni kidogo kuliko hicho, na paka anayelala tu juu yake kwa kawaida hadhuriki. Anayekitafuna na kumeza nyuzi zake yuko mahali pengine: anapata dawa na anapata uzi. Ukimwona anatetemeka, masikio yanacheza-cheza, mate yanamtoka au anapata degedege, hiyo ni dharura. Chandarua chenyewe usikiondoe kitandani, maana malaria inaua watu. Kikunje mchana na kukifunga juu mahali asipofika.

Na waya wa chaja?

Chomoa kwanza, mguse paka baadaye. Umeme humchoma midomo na ulimi, na mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baada ya tukio, hata kama alionekana mzima. Katika mitaa yetu umeme hukatika na kurudi bila taarifa, kwa hiyo waya ulioachwa kwenye soketi wakati wa giza si salama: paka huutafuna ukiwa umekufa, nao hufufuka ukiwa mdomoni mwake.

Wangu hula udongo, mchanga na rangi inayobanduka ukutani. Nini maana yake?

Udongo na mchanga ndivyo vinavyonifanya nifikirie upungufu wa damu kuliko kitambaa au plastiki. Watu wetu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: mama mjamzito anayetamani pemba (udongo mweupe) sokoni, au udongo wa kichuguu, si mgeni kwa yeyote. Mpeleke paka apimwe damu na kinyesi, na umpe dawa ya minyoo ya paka, si ya mbuzi iliyokadiriwa kwa macho.

Lakini hapa Lubumbashi kuna sababu ya ziada ya kuuchukulia udongo kwa uzito. Shaba ya kwanza iliyeyushwa katika mji huu mwaka 1911, na tanuri lile lililotuachia bomba refu na mlima mweusi wa masalia lilitoa moshi kwa miaka mingi. Udongo wa mitaa iliyo upande ulikoelekea moshi, kama vile Penga Penga, umepimwa na watafiti ukakutwa na shaba, zinki, kadimiamu na risasi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti juu ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, ambao mkojo wao ulikuwa na kobalti na metali nyingine kwa kiwango kikubwa. Paka ni mdogo, anatembea tumbo likiwa karibu na vumbi, na kila jioni hulamba manyoya yake yote. Risasi mwilini humpunguzia damu, humsumbua tumbo na mishipa ya fahamu, na mnyama aliyeathirika nayo anaweza kuzidi kula vitu visivyoliwa. Vipande vya rangi ya zamani ni hatari ya namna hiyohiyo. Wakati wa kiangazi, vumbi linapokuwa jekundu hadi mezani, mimi humpangusa paka kwa kitambaa chenye maji mara moja kwa siku na kupiga deki badala ya kufagia pakavu. Daktari akiuliza mnaishi wapi, mtajie mtaa. Ni sehemu ya uchunguzi.

Ameanza ghafla kuuma mbao na mawe, na amekuwa mkali. Ni tabia hii hii?

Usidhani hivyo. Kichaa cha mbwa kipo nchini mwetu, na mnyama aliyekipata anaweza kuuma na kumeza miti, mawe na matambara, kubadilika sauti, kutokwa mate na kushambulia hata anayemlisha. Paka asiyechanjwa aliyebadilika ndani ya siku chache namna hii asifunuliwe mdomo na mtu yeyote. Mfungie chumbani, uwaondoe watoto, uite daktari wa wanyama. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Jirani anasema paka anayekula nguo za watu ametumwa. Nimjibu nini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa heshima, kwa sababu paka wengi wamepigwa hadi kufa kwa ajili yake. Paka huchagua nguo iliyovaliwa kwa kuwa ina jasho na harufu ya mtu anayemjua. Ndiyo maana huacha shati safi lililokunjwa na kwenda kwenye soksi. Huchagua sponji ya vyombo kwa kuwa inanuka samaki, na sashe kwa kuwa ilibeba nyama. Mwonyeshe jirani hayo, sponji kwa sponji. Mimi nimeona watu wakilegea waliposhika mkononi nyuzi zilizotoka tumboni mwa paka wetu na kuambiwa zilivyomtesa.

Je, bukari na ndakala (dagaa) havimtoshi?

Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, ambayo hupatikana katika nyama na samaki. Akiikosa, macho na moyo huharibika. Bukari hujaza tumbo tu. Ndakala ni nzuri, lakini ikiwa na chumvi nyingi iloweke na kumwaga maji, uipike, na uchanganye na moyo wa kuku au wa ng'ombe. Samaki mbichi kila siku hafai, kwa sababu baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Gawanya chakula katika sehemu nne au tano ndogo badala ya mlo mmoja wa usiku. Badiliko hili peke yake limepunguza utafunaji kwa paka kadhaa ninaowajua.

Nyumbani nifanye nini ili aache?

Kwanza ficha, na ufiche kweli. Nyuzi, sindano, meshi, elastiki za kufungia pesa, kamba za viatu na nyuzi za magunia ya unga viingie ndani ya kopo lenye kifuniko. Sashe zilipigwa marufuku nchini mwetu kwa amri ya mwisho wa mwaka 2017, lakini bado zimejaa jikoni; tumia kapu. Yaya sasa ana sheria moja: cherehani haiachwi na uzi kwenye sindano, hata akiitwa mlangoni kwa dakika moja, na sakafu hufagiliwa kabla taa haijazimwa.

Pili, mpe mdomo wake kazi halali. Mfupa laini wa kuku uliopikwa haufai, kwani huvunjika vipande vyenye ncha. Kinachofaa ni kipande cha ngozi ya ng'ombe kikubwa kuliko anavyoweza kumeza, au chakula chake kilichofichwa ndani ya chupa ya plastiki ngumu iliyotobolewa matundu, aisukume huku na huku mpaka punje zidondoke. Cheza naye kwa fimbo yenye manyoya ya kuku dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mwache akamate, kisha mlishe mara moja. Kuwinda, kukamata, kula, kulala: mfuatano huo humtuliza kuliko kitu kingine nilichojaribu. Fimbo ikiisha kutumika irudi kabatini, maana ina kamba.

Tatu, ukimkuta na kitu mdomoni, usimkimbize. Atameza haraka ili usimnyang'anye. Tikisa kopo la ndakala, akija mpe, kisha okota kilichoachwa.

Je, nipake pilipili kwenye vitu, au nimchape?

Pilipili humwunguza macho anapojipangusa, na anahamia kwenye kitu kingine. Kumchapa kunamwongezea hofu, na hofu ni mojawapo ya sababu za kutafuna.

Naweza kumwoteshea majani?

Ndiyo. Ngano au ulezi katika bakuli la udongo, baada ya wiki moja hivi yapo tayari. Usioteshe mtama, kwa sababu miche yake michanga ina sumu ya sianidi, na umweke mbali na sombe (majani ya muhogo) mbichi kwa sababu hiyohiyo. Maua ya yungiyungi yasikae ndani ya nyumba yenye paka hata kidogo; huua figo.

Ni kweli kwamba paka wa Siamese ndio wenye tabia hii?

Kula sufu kumeandikwa sana kuhusu Siamese na jamaa zao. Utafiti wa mwaka 2015 juu ya paka 204 wa aina za Siamese na Birman ulionyesha kwamba kwa Birman kuachishwa ziwa mapema kuliongeza hatari, na kwa Siamese ni kuwa na ugonjwa mwingine. Paka wetu wa kienyeji hupata tabia hii pia.

Kuna dawa? Na naweza kumpa ya binadamu?

Kwa paka ambaye magonjwa yote yametafutwa na mazingira yamebadilishwa bila mafanikio, daktari anaweza kuandika dawa za kutuliza wasiwasi kama fluoksetini au klomipramini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo na hazikatizwi ghafla. Kipimo ni cha daktari peke yake. Parasetamoli usimpe kamwe: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka.

Nitampata wapi daktari, nami niende na nini?

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Tiba ya Wanyama, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Nenda na kitu chenyewe au kinachofanana nacho, na uandike saa aliyokula, saa aliyotapika na mara ya mwisho alipopata choo. Usishangae picha ya eksirei ikionekana safi: kitambaa, uzi na plastiki mara nyingi havionekani vyenyewe, na daktari husoma namna utumbo ulivyojipanga, au huomba ekografia (picha ya mawimbi ya sauti). Fungua simu umwonyeshe video ya anavyotafuna. Nusu dakika ya video ilimsaidia daktari wetu kuliko maelezo yangu yote.

Je, ataacha kabisa?

Wengine huacha wakishapona upungufu wa damu au tumbo. Wale ambao tabia imezoeleka kwa miaka hupungua tu, na huirudia nyumba ikivurugika, kwa mfano wakati wa msiba au wa wageni wengi. Wetu sasa ni mzee. Hajagusa uzi tangu siku ile, kwa kuwa hajauona. Lakini soksi ikisahauliwa chini ya kitanda, asubuhi tunaikuta imelowa kidoleni, na hapo Yaya huhesabu vipande kabla hajaniamsha.